Garimoshi la Mezani na Karakana ya Maneno

Neno uraibu lina historia inayostahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Hapo awali lilirejelea vitu vya kutafunwa au kuvutwa kwa starehe, kama vile tambuu na tumbaku. Katika shule za Kenya limezoeleka kwa maana ya shughuli aipendayo mtu na kuifanya wakati wa mapumziko: kusoma riwaya, kuogelea, kukusanya stempu. Wakati huohuo, vyombo vya habari hulitumia vinapozungumzia watu waliotekwa na dawa za kulevya. Mkusanyaji wa stempu na mvutaji wa bangi wamewekwa chini ya paa moja, na wote wawili huitwa waraibu. Si ajabu basi kwamba mtu mzima anayejishughulisha na jambo lisilomletea mshahara hutazamwa kwa jicho la shaka, sembuse pale jambo lenyewe linapofanana na mchezo wa watoto.

Mchezo mmojawapo wa aina hiyo ni uundaji wa magarimoshi madogo. Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wazima wengi, miongoni mwao wahandisi, makasisi, madereva na wastaafu, ambao jioni zao huishia mezani wakikata bati, wakilehemu shaba na kupaka rangi mabehewa yanayotosha kiganjani. Huyaundia reli, stesheni, madaraja, vilima vya plasta na vijiji vya kadibodi. Kazi ikishakamilika, au hata kabla haijakamilika, huipeleka kwenye maonyesho, wakaiendesha mbele ya wenzao, wakaulizwa maswali, wakasifiwa, wakakosolewa, kisha wakarudi nyumbani kurekebisha. Asiyeelewa huwacheka. Hata hivyo, kicheko hicho kinaficha funzo kubwa ambalo wapenzi wa Kiswahili, hasa wanaohangaikia istilahi, hawapaswi kulipuuza.

Uraibu huu si wa jana wala juzi. Mwaka wa 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig garimoshi la kutiwa ufunguo, pamoja na reli za vipimo maalumu ambazo mnunuzi angeweza kuziongeza kidogo kidogo. Mwaka wa 1910 waraibu wa London waliasisi klabu yao, Model Railway Club, ambayo ingali hai. Mwaka wa 1920 Frank Hornby wa Liverpool, mbunifu wa vifaa vya kuungaunga viitwavyo Meccano, alianza kuuza magarimoshi ya kuchezea yenye jina lake. Mjini Hamburg, ndugu mapacha Gerrit na Frederik Braun walifungua mwaka wa 2001 jumba la Miniatur Wunderland, ambalo sasa lina zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo. Mwaka wa 2019 mwanamuziki Rod Stewart aliuonyesha ulimwengu mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 alioujenga kwa zaidi ya miaka 20. Hata alipokuwa katika ziara za kuimba alikodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee kuunda majumba yake. Mtu wa hadhi hiyo hafanyi hivyo kwa kukosa la kufanya.

Funzo lenyewe ni hili: jina la kitu hushika mizizi pale ambapo mikono ya watu inakishika kitu chenyewe, na pale ambapo wenzao wanakitazama na kukijadili. Udhaifu wa istilahi nyingi za kisasa za Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno, maana lugha hii ina utajiri wa mizizi na viambishi usiokwisha. Unatokana na ukosefu wa meza ya kazi.

Ithibati iliyo wazi inapatikana Marekani. Mwaka wa 1946 wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kwa jina MIT, waliunda klabu ya magarimoshi madogo iitwayo Tech Model Railroad Club. Chumba chao kilikuwa katika Jengo la 20, jengo la mbao lililosimamishwa kwa haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanachama waligawanyika katika makundi mawili. Wapo waliopenda yaliyokuwa juu ya meza: kuunda mabehewa, kuyapaka rangi na kupamba mandhari. Wapo pia waliopenda yaliyokuwa chini ya meza: msitu wa nyaya na swichi zilizotoka katika mitambo ya simu, uliowawezesha watu kadhaa kuendesha magarimoshi yao juu ya reli zilezile.

Kwa kuwa vijana hao walikuwa wakiunda vitu visivyokuwa na majina, walijikuta wakiunda na majina. Mwaka wa 1959 mwanachama mmoja, Peter Samson, alikusanya msamiati wa chumba hicho katika kamusi ndogo. Miongoni mwa maneno yao lilikuwamo hack, ambalo kwao lilimaanisha kazi iliyofanywa kwa ustadi na kwa raha ya kuifanya, hata kama haikuwa na faida ya moja kwa moja. Aliyeifanya kazi ya namna hiyo aliitwa hacker, na kuitwa hivyo kulikuwa sifa. Vijana hao walipopata fursa ya kutumia kompyuta ya TX-0 mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha PDP-1 mwaka wa 1961, walihamia huko pamoja na msamiati wao. Spacewar!, mmojawapo wa michezo ya awali kabisa ya kompyuta, ulitungwa hapo mwaka wa 1962, na visanduku vya kuuchezea viliundwa kwa vipande vilivyotoka katika chumba cha magarimoshi. Neno la meza ya treni likaingia katika kompyuta, na kompyuta ikalieneza duniani kote.

Je, neno hilo lilifikaje katika Kiswahili? Lilifika mwishoni mwa safari yake ndefu, likiwa limekwisha kuchafuliwa na habari za benki zilizoibiwa na siri zilizofichuliwa. Likapokewa kwa jina mdukuzi, kutokana na kitenzi dukua, chenye maana ya kupeleleza mambo ya watu kwa siri. Tafsiri hiyo haina kasoro ya kisarufi, na umma umeikubali. Lakini ilichokipokea ni nusu ya maana. Yule kijana mtundu anayefungua mtambo kwa raha ya kujua unavyofanya kazi, akauunda upya ukawa bora kuliko alivyoukuta, hakupata jina. Kiswahili kilimkaribisha mwizi, fundi akabaki nje ya mlango. Hayo ndiyo yanayoipata lugha ambayo kazi yake ni kupokea maneno kutoka mikononi mwa wengine pasipo kuhudhuria kuzaliwa kwake.

Na Kiswahili hakikuwa hivyo daima. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Kitu kigeni kabisa kilipita katikati ya nchi, nacho kilihitaji majina. Zile mbao na vyuma vinavyolazwa kukingama chini ya reli viliitwa mataruma. Taruma ni neno la mabaharia: ni ubao unaotumiwa kukiimarisha chombo. Aliyeliteua alijua jinsi mbao za chombo zinavyoshikizwa, akaona kwa macho yake kwamba reli nazo zinashikizwa kwa namna inayofanana. Behewa ni neno la wajenzi wa nyumba: lilimaanisha ua wa ndani, nalo likapewa kile chumba kinachokokotwa na injini. Garimoshi lilipata jina lake kutoka kwa watu walioona moshi ukifuka, na jina hilo limedumu hata baada ya moshi kutoweka, sawa na vile neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, linavyodumu katika zama za simu zisizo na waya. Maneno haya yana harufu ya kazi. Yamenukia lami, mafuta na jasho kabla ya kunukia karatasi.

Linganisha na hali ya majina ya vifaa vya kisasa. Kompyuta imewahi kupendekezewa jina ngamizi. Katika madarasa ya Kenya inaitwa tarakilishi. Simu ya mkononi imeitwa rununu na rukono. Hayo ni maneno yaliyofikiriwa, na baadhi yake yanapendeza masikioni. Lakini fundi anayevifungua vifaa hivyo vibandani huita kompyuta kompyuta na simu simu, na mwanafunzi huyo huyo aliyeandika tarakilishi katika mtihani hulisahau neno hilo pindi anapotoka mlangoni. Kosa si la neno. Neno lilitumwa dukani bila kupitia karakanani.

Huenda wapo watakaohoji: je, kila fundi akiachiwa kuita kitu apendavyo, usanifishaji utakuwa wapi? Hoja hii ni nzito, na waraibu wa magarimoshi madogo wanaijua kuliko watu wengi. Reli za kawaida za Ulaya na Marekani zina upana wa milimita 1,435. Muundaji anayefuata skeli ya 1:87, iitwayo HO, hutumia reli ndogo zenye upana wa milimita 16.5, na hesabu inakubali. Waingereza hawakuweza kufuata hivyo. Injini zao halisi ni ndogo, na mota za wakati ule hazikuingia kwa urahisi katika mwili mdogo kiasi hicho. Wakaukuza mwili hadi skeli ya 1:76, iitwayo OO, lakini wakabakisha reli zilezile za milimita 16.5. Kwa hiyo garimoshi la OO husimama juu ya reli ambazo, lau zingekuzwa, zingekuwa na upana wa milimita 1,257 hivi badala ya 1,435. Kosa hilo linajulikana na kila mraibu wa Uingereza. Wapo waliolikataa na kujitengenezea reli za milimita 18.83 kwa mikono yao wenyewe ili hesabu itimie. Hata hivyo OO ndiyo inayotawala nchini humo hadi leo, kwa kuwa ndiyo iliyokwisha kuzoeleka madukani na majumbani.

Mwanaisimu anayesoma habari hii ataitambua mara moja. Umbo lisilo sahihi lililozoeleka halitolewi kwa amri, na umbo sahihi lisilo na watumiaji hubaki kuwa fahari ya wachache. Usanifishaji hauna budi kuwapo, lakini una wakati wake. Huko Marekani, chama cha waraibu, National Model Railroad Association, kiliundwa mwaka wa 1935 kwa sababu mabehewa ya mtengenezaji mmoja hayakuweza kupita vizuri juu ya reli za mwingine. Waliokutana walikuwa watu waliokuwa na magarimoshi yao na waliojua yanapoangukia. Kiwango walichokiweka kilitokana na majaribio, na kwa sababu hiyo kilifuatwa. Baraza la lugha likifanya hivyo, yaani likiyachukua majina yanayoshindana katika karakana na kuyapima mbele ya mafundi wenyewe, litakuwa limesanifisha lugha iliyo hai.

Uraibu huu una faida nyingine, nayo ni hifadhi. Katika kijiji cha Long Wittenham, Uingereza, lipo jumba la makumbusho la Pendon, lililoanzishwa na Roye England, Mwaustralia aliyehamia huko mwaka wa 1925. Alipoona nyumba kongwe za mashambani zikibomolewa au kubadilishwa, aliamua kuzihifadhi kwa kuziunda upya zikiwa ndogo, dirisha kwa dirisha, ezeko kwa ezeko, pamoja na reli iliyopita karibu nazo. Leo mtu anayetaka kujua eneo hilo lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930 hulitazama hapo mezani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano unaofanana na huo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulitoweka katika karne ya 20. Asiyewahi kuuona baharini anaweza kuona mifano yake midogo katika jumba la makumbusho la Lamu. Faida yake kwa lugha ni kubwa. Methali isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hukaririwa na kila mtahiniwa wa Kiswahili. Ni wangapi kati yao wanaoweza kunyoosha kidole na kuonyesha tezi iko wapi, omo iko wapi na ngama iko wapi? Wengi wameimeza methali kama kidonge, na maneno yake yamebaki sauti tupu. Weka chombo kidogo cha mbao juu ya meza ya mhadhiri, na maelezo ya kurasa mbili yatamalizika kwa dakika moja.

Pengine itadaiwa kwamba haya ni mambo ya matajiri wa ng'ambo, au kwamba kuyapenda magarimoshi ni kuutamani ukoloni ulioyaleta. Dai la kwanza linakanushwa na kila mtoto wa Kenya aliyewahi kuunda gari la waya, magurudumu yake yakiwa yamekatwa kutoka kwenye kandambili kuukuu, usukani ukiwa mwishoni mwa fimbo ndefu. Huo nao ni uundaji wa mfano mdogo wa kitu kikubwa, na haukumgharimu chochote. Tofauti ni kwamba mtoto wa Ujerumani akikua huendelea, akapata klabu, jarida na maonyesho; mtoto wa Kenya akikua huambiwa aache upuzi. Tena, katika darasa lake, kuanzia gredi ya nne masomo yasiyokuwa ya Kiswahili hufunzwa kwa Kiingereza. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unamtaka aunde vitu kwa mikono yake, lakini vipande vya kitu hicho atavitaja kwa Kiingereza. Hapo ndipo mti wa istilahi unapokatwa ukingali mche.

Dai la pili nalo halina mashiko. Reli ilijengwa kwa amri ya wakoloni, lakini waliolaza mataruma na kuchochea makaa hawakuwa magavana. Kuikumbuka kazi yao ni kuwapa haki yao. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, imesimama injini nambari 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za mvuke zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Watu waliozihudumia injini za mvuke wanazidi kupungua kila mwaka. Walikuwa na majina ya vipande vyake, ya makosa yake, ya milio yake na ya hatari zake. Kila mmoja wao anapozikwa, ukurasa mmoja wa kamusi ambayo haijaandikwa huzikwa naye.

Ni nini basi kifanyike? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kawaida ya kuandaa makongamano, maigizo na mashindano ya ushairi, na ni vyema. Viongeze jambo la nne: meza ya maonyesho. Mwanafunzi mmoja alete gari la waya, mwingine chombo cha mbao, mwingine garimoshi la makopo. Kila mmoja ataje kila kipande cha kazi yake kwa Kiswahili mbele ya wenzake, na pale anapokwama, ukumbi mzima ukwame naye na kutafuta. Anayetaka kuionyesha Nairobi ya leo kwa skeli ya 1:87 atalazimika kulaza reli za aina mbili: za milimita 12 kwa ajili ya reli kongwe ya mita moja, na za milimita 16.5 kwa ajili ya reli mpya iliyozinduliwa mwaka wa 2017. Papo hapo maswali yatazuka. Pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili paitweje? Kile kiungo kinachoshikanisha behewa na behewa kiitweje? Maswali hayo hayatakuwa tena ya mtihani. Yatakuwa ya mtu ambaye kazi yake imesimama kwa sababu ya neno.

Idara za Kiswahili nazo zina wajibu. Tasnifu nyingi za istilahi zimeandikwa kwa kuzilinganisha kamusi na kamusi. Zinahitajika nyingine zitakazoandikwa Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali wanagonga mabati mchana kutwa, na katika nyumba za wastaafu wa reli huko Makadara, Voi, Nakuru na Kisumu. Mtafiti aende na daftari na kinasa sauti, na akiweza aende na mfano mdogo wa injini, kwani mzee aliyesahau jina la kipande atalikumbuka pindi kidole chake kitakapokigusa.

Wahenga walinena kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Lugha pia ni hivyo. Ile inayochanika mpinini, kwenye nyundo, gundi na waya, haiombi maneno kwa jirani. Vijana wa Jengo la 20 hawakukusudia kuupa ulimwengu neno. Walikusudia garimoshi lao lipite kwenye kona bila kuanguka. Kiswahili kina vijana wa namna hiyo katika kila mtaa. Wanachokosa ni meza, watazamaji, na mtu wa kuyaandika majina wanayoyataja kabla hayajapeperushwa na upepo. Meza hiyo haina wa kuiandaa isipokuwa vyama vya Kiswahili vyenyewe.